Kasoro ya Russ

Jumapili ile Kocha Pruett alipoegesha gari mbele ya nyumba ya akina Dudash, Walt alikuwa kibarazani akiambua mahindi mabichi, suruali imejaa nyuzi za mahindi, miguu mitupu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuangaza macho huku na huku akitafuta viatu vyake.

"Usisumbuke, Walt," kocha alisema akipanda ngazi. "Mimi si mgeni hapa."

Lakini alikuwa mgeni, tena mgeni mkubwa. Katika bonde lile la Pennsylvania migodi ilikuwa imefungwa, viwanda vya chuma navyo vikafuata, na watu hawakubakiwa na kingi cha kujivunia isipokuwa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Mount Carver. Kocha Pruett akiingia kununua mkate, watu walimpisha kwenye foleni. Walt alimpa kiti chenye mto, yeye akageuza ndoo na kuikalia.

Wanawe wote wawili walikuwa kwenye timu hiyo. Russ, mkubwa, alikuwa anauanza mwaka wake wa mwisho chuoni. Denny, mdogo, alikuwa wa mwaka wa pili. Na wote wawili walicheza nafasi ileile, kwotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua kwa kufumba na kufumbua amkabidhi nani au amrushie nani. Nafasi hiyo ni moja tu uwanjani. Wengine wanaweza kupokezana. Kwotabeki hapokezani na mtu, na asiyechaguliwa hukaa pembeni amevaa kofia ya kitambaa, nguo safi kuanzia mwanzo wa mechi hadi mwisho. Russ alikuwa amekaa pembeni miaka mitatu, akiwasubiri waliomtangulia wahitimu. Sasa walikuwa wamehitimu, na aliyebaki kushindana naye ni mdogo wake aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Mechi ya kwanza inakaribia," kocha alisema, "na bado sijui nimwanzishe nani. Wasaidizi wangu wamegawanyika. Huyu ananiambia Russ anaijua mipango yetu yote hata akiwa usingizini. Yule ananiambia mkono wa Denny hauna mfano. Wote wanasema kweli. Nifanye nini?"

"Ni uamuzi mgumu," Walt alisema.

"Wewe ndiye uliyewafundisha wote sekondari. Hakuna mtu duniani anayewajua kama wewe. Nimekuja unisaidie."

Mlango wa wavu ulifunguka, Noreen akatoka na bilauri mbili za chai ya barafu. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni.

"Kocha," alisema kwa upole, "unamtaka huyu achague kati ya watoto wake?"

"Namuuliza anayejua mpira, mama. Nikikosea, vijana wote wawili wataumia."

"Basi kosea mwenyewe," Noreen alisema. Akaweka chai, akarudi ndani.

Walt angeweza kucheka, akasema umemsikia mwenye nyumba, wakazungumza habari za mvua. Baadaye aliwaza sana jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Lakini ilikuwa imepita miaka mitatu tangu mtu yeyote amuulize neno juu ya mpira. Shule aliyofundisha maisha yake yote ilikuwa imeunganishwa na ile ya mji wa jirani, wakuu wa shule mpya wakaleta kijana kutoka mbali awe kocha, na Walt wakamwambia kwamba kama atapenda, anaweza kushika mnyororo wa kupimia uwanja siku za mechi. Hakupenda. Tangu hapo aliuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, goti bovu, tai shingoni. Na sasa Pruett mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani kwake, ameinama mbele, akisubiri.

"Denny," Walt alisema.

"Kwa nini?"

"Russ ana kasoro moja." Alishasimama. Aliokota hindi moja akalishika kama mpira, kiwiko juu, miguu imepanuka, kana kwamba goti halijawahi kumuuma. "Kabla hajaguswa, hakuna bora kuliko yeye. Lakini akishaangushwa vibaya mara moja, macho yanashuka. Anaacha kumtazama anayemrushia, anawatazama wanaokuja kumwangusha. Hivi. Umeona? Ni muda mdogo sana, lakini kwa walinzi mtakaokutana nao mwaka huu, muda huo ndio mechi."

"Nimetazama kanda zote za video. Sijaiona hiyo."

"Kwa sababu unautazama mkono. Mkono unadanganya. Tazama kidevu. Kidevu kinashuka kwanza." Alionyesha tena na lile hindi. "Denny bado mtoto, atakupotezea mipira. Lakini mpige Denny akaanguka, akiinuka anacheka."

Aliendelea. Alieleza mguu wa Denny unavyochelewa, Russ anavyopenda kurushia upande wa kulia, nani anakubali kukemewa na nani anataka kuitwa kando. Kocha alikuwa ameacha kunywa chai. Walt hakukumbuka lini alijisikia vizuri namna ile. Wakati wa kuagana Pruett alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia waliomwachisha kazi walikuwa wapumbavu.

Gari lilipopotea kwenye kona, Walt aligeuka. Noreen alikuwa nyuma ya wavu.

"Umemaliza kumuuza?"

"Nimesema kweli, Noreen."

"Sikusema umesema uongo."

* * *

Denny alitangazwa katikati ya wiki. Jumapili iliyofuata vijana walikuja nyumbani kula kama kawaida yao, na Noreen alikaanga pierogi, maandazi madogo yaliyojazwa viazi, kwa siagi na vitunguu hadi nyumba nzima ikanukia. Denny alizisukumasukuma tu kwenye sahani.

"Kula bwana," Russ alimwambia, akimwongezea. "Ukizimia uwanjani watanituma mimi nikubebe, na wewe ni mzito kama ng'ombe."

"Sina njaa."

"Mama, mwanao ameshaanza kuringa. Juzi tu alikuwa anakula hata maganda." Akamgeukia Walt. "Baba, mwambie. Ukiwa na njaa mkono unatetemeka, si ndiyo?"

"Ndiyo," Walt alisema. "Kula, Denny."

Wakacheka kidogo. Kisha Russ, bila kuulizwa, alisema kocha amemweleza kwamba walikaribiana sana, kama vile kurusha sarafu hewani. "Kwa hiyo sina kinyongo. Angekuwa mtu mwingine ningekuwa nacho. Lakini huyu? Huyu ni wetu."

"Umelichukua kiume," Walt alisema.

Noreen aliweka uma chini. Alimtazama mumewe, akangoja, na Walt alijua anangoja nini. Nafasi ilikuwa pale mezani, wazi kabisa. Angeweza kusema, Russ, mwanangu, twende nje kidogo. Badala yake aliomba chumvi, na Noreen akampa.

* * *

Timu ilishinda mechi ya kwanza, na Denny alirusha vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Jumatatu yake Walt alikuwa dukani anamchanganyia rangi mzee Yost, jirani yao, pale Russ alipoingia.

"Haya, haya, hii ndiyo familia!" Yost alipaza sauti. "Walt, mwanao Jumamosi alitisha! Mkono ule kautoa wapi? Na wewe, Russ, usijali. Kila timu inahitaji mtu wa kushika taulo."

"Kweli, mzee Yost," Russ alisema, akatabasamu, akasimama karibu na vijiti vya kukorogea rangi mpaka mzee akalipa na kuondoka.

"Huna vipindi leo?" Walt aliuliza.

"Kidevu," Russ alisema.

Walt alifunga kopo la rangi ambalo halikuwa la mtu.

"Kocha alinishika bega baada ya mechi. Alitaka kunifariji. Akaniambia, usijilaumu sana kuhusu hilo la kidevu, hata mzee wako alisema ni kitu kigumu kukitoa. Alidhani najua, baba. Alidhani ni jambo ambalo mimi na wewe tumelizungumza miaka yote."

"Russ, alikuja nyumbani, akaniuliza..."

"Ulikiona lini?"

"Sikiliza kwanza."

"Nakuuliza tu. Ulikiona lini?"

Walt alishika ukingo wa kaunta. "Ulipokuwa na miaka kumi na sita. Baada ya ile mechi uliyovunjika ubavu."

"Ile uliyoniambia nirudi uwanjani nimalize."

"Ile."

Russ alianza kuvipanga vile vijiti vya rangi, kimoja kimoja, vikae sawa kwenye boksi lake. Hakupandisha sauti. Walt angefurahi kama angepandisha.

"Na hukuniambia."

"Sikutaka kukuvunja moyo. Mtu ukimwambia anaogopa, ndiyo anaogopa zaidi. Nilidhani kitaisha chenyewe."

"Kwa hiyo uliona bora nisiambiwe mimi, aambiwe yeye."

"Haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje basi? Nieleze, nami nielewe. Miaka mitatu, baba, naamka kabla ya watu, narekebisha vitu visivyo na shida. Nimebadilisha mguu. Nimebadilisha kiwiko. Kila likizo nakuuliza, baba, unaonaje, na wewe unasema uko sawa, uko sawa, subiri zamu yako tu. Kumbe ulikuwa nacho mfukoni. Mimi sikatai Denny acheze. Denny ni mzuri. Lakini kile kilikuwa changu. Kwa nini umpe mtu mwingine?"

Kengele ya mlangoni ililia. Mama mmoja aliingia akitaka bawaba za kabati, na hakujua anataka za ukubwa gani. Walt alimwonyesha hizi, akamwonyesha zile, mama akaeleza habari ya kabati lake tangu liliponunuliwa. Alipomaliza kumfungia na kuinua uso, Russ hakuwapo. Vijiti vya rangi vilikuwa vimepangwa vizuri sana.

* * *

Russ hakuja tena Jumapili. Noreen alimpelekea chakula chuoni, vyombo vikirudi vimeoshwa, na kila Walt alipouliza hajambo, alijibiwa hajambo. Denny alikuja peke yake siku moja mwezi wa kumi, kuchukua koti lake la kuwindia paa, na Walt alimkuta kwenye banda la gari.

"Ndugu yako anasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi."

"Hasemi." Denny alikung'uta koti. Alikuwa amekomaa miezi hiyo. Watu walimsimamisha barabarani, na kila waliposifu mkono wake alitazama chini kama aliyeshikwa na kitu cha watu. "Nilimwambia nitaenda kwa kocha nimwachie nafasi. Akanikaba shingo, akaniambia nikilirudia neno hilo atanichapa mbele ya mama."

Walt alitaka kucheka, akashindwa.

"Tunafanya mazoezi, sisi wenyewe, kabla wengine hawajafika," Denny aliendelea. "Mimi na wale mabonge wawili wa mstari wa mbele. Tunachukua mito ile mikubwa ya mazoezi, tunampiga nayo. Mbavuni, kichwani, popote. Kule mbele mtu anainua vidole, na Russ lazima avitaje huku tunampiga, halafu arushe. Mwanzoni hakuona hata kimoja. Sasa anavitaja vyote."

"Kidevu?"

"Hakishuki tena, baba." Denny alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ilichukua wiki chache. Wiki chache tu."

Siku ya pili Walt aliomba ruhusa kazini akaenda uwanjani. Alimkuta Pruett anatoka mazoezini, filimbi shingoni, watu wawili wa redio wanamfuata.

"Kocha, lile nililokwambia kuhusu Russ. Amelirekebisha. Mtazame tena."

"Nafurahi kusikia, Walt."

"Mtazame kwa macho yako. Mpe hata robo moja ya mechi."

Pruett aliwaashiria wale wa redio watangulie. "Tunaongoza ligi. Denny anacheza kama ulivyosema atacheza. Hukukosea hata kidogo, na nitakushukuru daima." Akampiga kofi dogo begani. "Lakini, bwana, nakuheshimu sana. Siwezi kuendesha timu kwa maneno ya wazazi."

Walt alibaki ameshika uzio. Kijana mmoja wa kukusanya mipira alimwomba asogee apate kufunga geti.

* * *

Mechi ya mwisho ya nyumbani, mwezi wa kumi na moja, ndiyo siku ya kuwaaga wanaomaliza. Kabla ya kuanza, kila mmoja wao hutembea kutoka kwenye lango hadi katikati ya uwanja, mama mkono huu, baba mkono ule, na mama hupewa ua. Noreen alikuwa amemwambia Walt mapema, jikoni, akiwa amempa mgongo.

"Ameniomba niende naye mimi."

"Sisi wawili?"

"Mimi, Walt."

Kwa hiyo alikaa kwenye ngazi za watazamaji, baridi ikipanda kutoka kwenye zege, amevaa koti lake zuri. Kipaza sauti kiliita majina. Wazazi walitoka wawili wawili, wengine walioachana zamani wakijitahidi kwenda sambamba. Kisha kikasema, "Russell Dudash, akisindikizwa na mama yake, Noreen." Watu walipiga makofi. Walitembea polepole, Russ ameinamisha kichwa kumsikiliza mama yake, na mahali pa baba pakawa wazi.

Mzee Yost, aliyekaa safu ya mbele, aligeuka. "Vipi, Walt? Goti tena?"

"Goti," Walt alisema.

"Pole sana. Siku kama hii!"

Mechi ilikuwa ngumu. Baada ya mapumziko Denny alipigwa na walinzi wawili kwa pamoja, akakaa chini muda mrefu bila kupata pumzi, na daktari wa timu akamtoa nje. Pruett alitazama pembeni, Russ akavaa helmeti yake na kuingia.

Mara ya kwanza alimkabidhi mpira mkimbiaji, bila tabu. Mara ya pili mmoja wa wale wa mstari wa mbele aliteleza, na mlinzi mkubwa wa upande wa pili akapita wazi, akamzoa Russ na kumbamiza mgongo hadi Walt akasikia kishindo kule juu. Noreen, aliyekuwa chini na akina mama wengine, alifunika mdomo kwa ua. Russ aligeuka ubavu, akapiga magoti, akasimama.

Sasa, Walt alijisemea. Sasa ndiyo ile.

Hakuutazama mpira. Hakuwatazama wanaokimbia. Katika watu elfu kadhaa waliojaa pale, yeye peke yake alitazama kidevu. Mpira ulirudishwa, Russ akaushika, akarudi nyuma hatua zake, na yule yule mlinzi akatokea tena, mikono wazi, anakuja kama gari lililokatika breki. Kidevu kilikaa juu. Kilikaa juu mpaka mwisho. Mkono ukapita, mpira ukaondoka, ndipo Russ akapigwa na kuzama chini ya mtu yule, na hakuona mpira unavyodakwa mbali sana, karibu na mstari wa kufungia. Aliujua kwa kelele tu.

Watu waliruka. Yost alimkumbatia mtu asiyemjua. Walt alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, anasema "mwanangu, mwanangu," na hakuna aliyemsikia.

Kisha Denny akarudi mbio, pumzi imemrudia. Ndugu hao walipopishana waligonganisha helmeti, na Russ akaenda pembeni, akavaa kofia yake ya kitambaa. Mpira ulipoanzishwa tena, Denny akafunga. Magazeti ya Jumapili yaliandika habari za Denny.

* * *

Mechi ilipokwisha, jamaa waliruhusiwa kushuka uwanjani. Walt alishuka ngazi moja moja akishikilia chuma. Wiki nzima alikuwa amepanga maneno. Yalikuwa maneno machache: kwamba alifurahi kuulizwa, na kwa furaha hiyo alimsahau mtoto wake, kwamba ubavu ule ulimuuma yeye pia tangu siku ile, ndiyo maana hakuweza kuutaja, kwamba anaomba radhi. Alikuwa ameyasema dukani, kimyakimya, akipima misumari. Aliyajua.

Russ alikuwa amesimama na mama yake na Denny, jasho lake linatoa mvuke kwenye baridi, damu kidogo mdomoni. Alimwona baba yake anakuja na hakuondoka. Denny alirudi nyuma kidogo kuwapisha. Noreen naye alimtazama Walt kwa macho ambayo hakuwa amemtazama nayo tangu kiangazi, macho ya mtu anayemwombea mwenziwe.

Walt alifika mbele ya mwanawe, akafungua mdomo.

"Kidevu," alisema. "Kidevu kilikaa juu."

Aliyasikia yakitoka, na alijua hayo siyo, lakini yalikuwa yameshatoka. Russ alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alipangusa mkono wake kwenye jezi, akaunyoosha, na Walt akaupokea.

"Asante, kocha," Russ alisema kwa adabu, kama ambavyo angemwambia mzee yeyote aliyemfundisha shuleni. Kisha akamshika mama yake mkono, kwa sababu nyasi zilikuwa zimeanza kuteleza, na wakatangulia kwenda kwenye gari.